Kadi Mbili Zilizoitia Tano

Alhamisi, tarehe 13 Novemba. Mvua imeanza alfajiri, ikakatika saa tatu, ikarudi saa nne kama mtu aliyesahau mwavuli. Mafuta ya magari hayapo tena wiki hii, kwa hiyo nimeshuka Musaga hadi Buyenzi, hapahapa Bujumbura, kwa miguu, mfuko wa vifaa begani, viatu mkononi. Naandika nikiwa nimechoka, na mtu aliyechoka huonea wenzake. Nitajaribu nisimwonee mtu.

Nawaandikia ninyi vijana mnaofungua na kutengeneza simu pale sokoni Jabe. Wiki iliyopita nilipita kwenu kuulizia kavalie. Mmoja wenu akaniuliza, "Mzee, hicho ni cha simu gani?" na wenzake wakacheka. Sikukasirika. Hapana, lazima niseme kweli: nilikasirika kidogo, nikatembea hadi barabarani nikiwa na majibu mazuri sana ambayo hakuna aliyeyasikia.

Basi kavalie ni hii. Ni kipande cha plastiki kidogo kama punje ya mchele, ndani kina chuma. Unakivisha juu ya meno mawili ya kadi, na hapo kadi inajua namba yake. Zamani zetu, kompyuta ilikuwa na nafasi za kuchomekea kadi ndefu: hii ya sauti, hii ya fakisi, hii ya mtandao. Kila kadi ilipotaka kusikilizwa na ubongo wa mashine, iliita kwa namba. Ukizipa kadi mbili namba moja, ni kama akina mama wawili dispanseri wamepewa tiketi moja. Muuguzi anaita, wote wawili wanasimama, mlango mmoja, na hakuna anayetibiwa. Mashine inaganda. Haikuambii kwa nini. Inakutazama tu.

Sijui kama nimeeleza sawa. Mimi si mtu wa shule. Niliishia darasa la sita, na Kifaransa changu nilikipata kwenye vitabu vya mashine, kwa hiyo naweza kusema "ondoa waya wa umeme kabla ya kufungua" lakini siwezi kumpa mtu pole ya msiba.

Aliyeniita ni Mama Amida. Ni mjane wa Buyenzi, anatarizi kofia, kanzu na mashuka ya maharusi kwa mashine kubwa ya broderi aliyoachiwa na mumewe. Mashine ile haina akili yake. Inaongozwa na kompyuta ya zamani, yenye rangi ya meno ya mvuta tumbaku, na ndani yake kuna kadi moja inayoiambia sindano iende wapi. Kompyuta za siku hizi hazina hata nafasi ya kuchomeka kadi kama hiyo. Kompyuta ile ikifa, mashine nzima inabaki meza ya kuwekea vikombe.

Jumatatu nilipofika alikuwa na rundo la majoho meupe mezani. Thelathini na mawili, ya kwaya ya parokia moja ya Kamenge. Kila joho kifuani liwe na msalaba wa dhahabu na kinubi. Jumapili kwaya inaimba kwenye sherehe ya padri wao, na vitambaa wamevileta wenyewe, hakuna hata kipande cha ziada.

"Mi ni Muislamu tangu babu," akaniambia, "lakini misalaba nimeshona kuliko sakristani. Sasa fundi, ile mashini iko nasimama katikati. Sindano inabaki palepale, inadunda, inadunda, mpaka kitambaa kinatoboka. Angalia."

Akanionyesha joho la kwanza. Lilikuwa na tundu kifuani, mahali pa moyo hasa.

Binti yake Amida, anayesoma chuo, alikuwa amesimama mlangoni na laptop kwapani. "Mama, nimekuambia. Haya majoho tuyapeleke kwa yule mwenye mashini mpya mujini. Hii tuwape watu wa vyuma chakavu, Ijumaa wanapita."

"Ikitoka hapa mi natoka nayo," Mama Amida akasema. "Watupime pamoja kwenye mizani."

Amida hakucheka. Na nilimwelewa: yeye ndiye anayepokea simu za kwaya.

Patroni wangu, marehemu Melkiori, aliyenifundisha kazi, alikuwa na swali moja la kwanza kabla hajashika bisibisi: "Kimebadilika nini?" Nikauliza. Amida akajibu vizuri kuliko wateja wengi niliowahi kuwa nao. Alisema disketi za kuingizia michoro zimeharibika zote, kwa hiyo wiki mbili zilizopita alinunua kadi ya mtandao Jabe, kwa muuzaji wa kompyuta kuukuu, akaichomeka mwenyewe, ili michoro ipite kwa waya kutoka kwenye laptop. Niliikagua kazi yake. Kadi imekaa sawa, skrubu imekazwa, vumbi limefutwa. Mimi katika umri wake niliwahi kuchomeka kadi kinyume, nikaisukuma kwa goti.

Sasa hapa ndipo nilipoanza kupotea, na nawaomba msome polepole.

Kompyuta ile inakaa chini ya mashine, kwenye giza. Macho yangu hayawezi tena giza. Nikaitoa, nikaiweka kwenye meza ya dirishani. Waya wa mashine ya broderi ni mrefu, ulifika. Waya wa mtandao ni mfupi, haukufika, nikauacha ukining'inia. Nikafungua mfuniko. Ndani hakukuwa na karatasi.

Karatasi ni jambo kubwa kwetu. Melkiori alitufundisha kwamba fundi akipanga kadi, aandike kila kadi na namba yake kwenye kipande cha pakiti ya sigara, akibandike ndani ya mfuniko, kwa ajili ya fundi atakayekuja. Nilipoona mfuniko mtupu nilianza kutukana. "Ni mvivu gani huyu aliyefunga mashine bila kuacha karatasi? Huyu si fundi, huyu ni mfunga maboksi!" Mama Amida akasema astaghafiru. Nikaendelea hata hivyo.

Nikaitoa ile kadi ya mtandao. Mashine ikashona vizuri kwenye kitambaa kibovu. Nikairudisha kadi. Mashine ikashona vizuri vilevile. Basi nikaiachia huru ile kadi kama hakimu, nikasema si yenyewe. Nikasugua ukingo wa dhahabu wa kadi zote, ule unaochomekwa, kwa kifutio cha shule, kwa sababu unyevu wa ziwa huotesha kutu kwenye dhahabu ile nyembamba, na hili lishikeni: kifutio cha penseli, si cha wino. Nikaijaribu saa nzima. Nikasema, "Imepona. Weka joho."

Tukairudisha mahali pake. Amida, msichana makini, akachomeka nyaya zote. Joho la pili likatobolewa kwenye kinubi.

Jumanne nilisingizia umeme. Halafu nikaisingizia kumbukumbu ya kompyuta, nikaibadilisha na nyingine kutoka kwenye kopo langu la vipuri. Mezani ilishona saa tatu mfululizo, hata nikasinzia. Nikasema, "Sasa imepona kweli." Mama Amida akaniangalia.

"Fundi, hapa kwako mezani inashona. Kwangu inakufa. Iko nakuogopa wewe?"

"Weka joho, Mama Amida."

Joho la tatu halikufika hata nusu ya msalaba.

"Yampaye inka!" akasema Amida, ambaye akikasirika huingia kwenye Kirundi. Mama yake alilikunja lile joho taratibu, akaliweka juu ya mengine mawili, na mimi nikajifanya natafuta bisibisi iliyokuwa mkononi mwangu.

Jumatano sikwenda. Nilimwambia Spesi, mke wangu, kwamba nina mafua. Akanigusa paji la uso akasema mafua yangu hayana joto. Nililala nikitazama bati, nikawa namkumbuka sekretari mmoja wa ofisi ya wauza kahawa, enzi zile mashine za fakisi zilipoanza kuingizwa ndani ya kompyuta. Kila alipotuma fakisi, kipanya chake kilikufa. Nilimpelekea kipanya kipya. Kikafa. Nikampelekea cha pili, cha tatu. Yule mama alianza kuvisafisha kwa spiriti kama vidonda, akaniambia, "Papa, fakisi ina wivu." Nilimcheka njia nzima kurudi. Melkiori hakucheka. Akaniuliza, "Kipanya kinaitia namba ngapi?" Nikasema nne. "Na fakisi?" Nikaenda kuangalia: nne pia. Yule mama alikuwa ameeleza ugonjwa sawasawa. Mimi mwenye vifaa ndiye niliyekuwa sijasikia. Vijana, mteja hajui maneno ya mashine, lakini ndiye anayelala nayo nyumba moja. Mama Amida alikuwa ameshaniambia: kwako inashona, kwangu inakufa. Nami nilichukulia ni mzaha.

Hata hivyo, kulikumbuka hilo Jumatano hakukunisaidia. Nasema hivi ili msifikiri nililala nikaamka na jibu. Niliamka na aibu tu.

Leo asubuhi nimefika nimelowa. Mama Amida alikuwa ametandika mkeka sakafuni mbele ya mashine.

"Asalamu alekumu, fundi. Mafua yamekwisha?"

"Yamekwisha, Mama Amida."

"Bon. Leo haitoki hapa. Mutu mugonjwa unamutibu kwenye kitanda chake. Lala hapo, utengeneze palepale inapoumwa."

"Macho yangu, Mama..."

"Apana. Chukua tochi."

Nikalala kifudifudi kwenye mkeka, mtu mwenye wajukuu, nikafungua mfuniko nyaya zote zikiwa zimechomekwa. Melkiori angenizaba kofi: yeye alitaka nyaya zote zitolewe kwanza, na mkono uguse chuma cha dirisha ili umeme wa mwilini uondoke. Chuma cha dirisha kilikuwa mbali. Niligusa mguu wa mashine, nikaomba yaishie hapo.

Mama Amida akaweka kitambaa kibovu, akawasha. Sindano ikaanza. Mimi namulika kadi, naona vumbi, naona mende mmoja mfu wa siku nyingi. Dakika kumi. Dakika kumi na tano. Mara taa ndogo ya kijani kwenye kadi ya mtandao ikakonyeza, mara mbili, na sindano ikabaki inadunda palepale.

"Amida!" nikapiga kelele nikiwa chini. "Umefanya nini sasa hivi?"

Akajibu kutoka chumba cha pili, kwa sauti ya mtu aliyezoea kulaumiwa. "Sijafanya kitu! Nimefungua laptop tu, nina kazi ya chuo."

"Ifunge."

Tukawasha upya. Sindano ikashona.

"Ifungue."

Taa ikakonyeza. Sindano ikasimama.

Tukarudia mara tatu, maana mara moja ni bahati na mara mbili ni hamu. Kadi ya mtandao haikuwa na neno la kusema mezani, kwa sababu waya wake ulikuwa unaning'inia. Huku chini, kila laptop ilipoamka ilituma salamu, kadi ikaita, na ikaita kwa namba ileile ya kadi ya broderi. Siku mbili nzima nilikuwa nampima mgonjwa nikiwa nimemziba mdomo.

Nikazitoa kadi zote mbili, nikaenda nazo dirishani. Ya broderi: tano. Ya mtandao: tano. Nikapandwa na hasira upya. "Tano na tano! Mbumbumbu gani anauza kadi bila kuangalia? Na aliyeipanga hii tano ni nani, alisomea wapi?"

Amida alishashika kitambaa chake cha kichwani. "Naenda Jabe. Nitamukuta pale pale. Atanieleza mbele ya watu kadi gani aliniuzia."

Mimi nikawa nageuza ile kadi ya mtandao kwenye mwanga. Juu ya kavalie kulikuwa na uchafu wa rangi ya damu kavu. Nikaukwangua kwa ukucha. Haukuwa uchafu. Ilikuwa rangi ya kucha. Nukta mbili.

Lazima niwaeleze. Karakana yetu ilikuwa na desturi. Melkiori alikuwa ameamua kwamba kila kadi inayotoka kwetu ipangwe kwenye tano, kwa kuwa tano kompyuta iliitengea printa ya pili, na ni nani Bujumbura alikuwa na printa mbili? Tano ilikuwa kiti kitupu siku zote. Na ili wateja wasichezee kavalie, tuliigandisha kwa tone la rangi ya kucha ya mke wake. Nukta moja, kazi ya Melkiori. Nukta mbili, kazi yangu, ili mashine ikirudi ijulikane nani wa kugombezwa. Siku hizo mashine moja ilipata kadi moja ya nyongeza, basi. Hatukuwahi kufikiri kwamba mashine zetu zitakufa, ziuzwe Jabe vipande vipande, na kadi ya nyumba hii ihamie nyumba ile.

Nikaitazama ya broderi. Nukta moja. Na yule mvivu asiyeacha karatasi kwenye mfuniko alikuwa Melkiori mwenyewe, mwalimu wa karatasi. Au aliiacha, ikaliwa na mende. Sitaki kumsingizia marehemu.

Amida alishafika mlangoni. Hapo ningeweza kunyamaza, vijana. Yule muuzaji simjui. Angetukanwa dakika kumi, angezoea. Mimi ningehamisha kavalie, mashine ingeshona, ningeitwa fundi. Ninaandika kwamba nilifikiri hivyo, kwa sababu nilifikiri.

"Amida, usiende," nikasema. "Huyo kijana hana kosa. Hii alama ni yangu. Kadi hii niliipanga mimi."

Akarudi. Akaziangalia zile nukta, akaniangalia mimi.

"Mzee, siku zote hizi umekuwa unamutukana mutu aliyefanya hivi. Kumbe ulikuwa unajitukana mwenyewe?"

"Nusu. Nusu nyingine nilimtukana mwalimu wangu."

Mama Amida alikaa kwenye kiti chake. Nikadhani atacheka, sasa hivi hata mimi ningecheka. Hakucheka. "Kwa hiyo we ulishinda hapa, unaniambia weka joho, weka joho, na kadi ni ya mukono wako."

"Ndiyo, Mama Amida. Kuipanga tano halikuwa kosa siku ile. Kosa ni kwamba sikuisoma namba yake. Niliiachia huru bila kuisikiliza."

"Malizia kwanza," akasema.

Amida akaleta dawa yake ya kufutia rangi ya kucha. Nikalainisha, nikaing'oa kavalie kwa kibanio, nikaihamishia kwenye kumi, baada ya kusoma orodha yote ya namba kwenye kioo cha kompyuta na kuhakikisha kumi haina mwenyewe. Nikaiandikia kompyuta kwamba kadi ya mtandao sasa inaitia kumi, maana kavalie peke yake haitoshi, na wengi wenu mngesahau hapo, kama nilivyosahau mimi mara ya kwanza leo. Nikakata kipande cha boksi la chai, nikaandika: broderi tano, mtandao kumi. Nikakibandika ndani ya mfuniko.

Melkiori alikuja kuzichukia kadi za baadaye, zile zilizojipangia namba zenyewe. Alisema ni kama mtoto kujisahihishia mtihani. Leo namwelewa, na leo pia naona zingetuokoa. Yote mawili ni kweli na siwezi kuchagua.

Amida akafungua laptop, akafungua na muziki juu yake, akatuma michoro makusudi. Taa ikakonyeza mpaka ikachoka. Sindano haikujali. Msalaba ukatoka mzima, kinubi kikafuata na nyuzi zake saba.

Nikaanza kukusanya vifaa. Mama Amida akaweka mbele yangu wembe, kibanio na majoho mawili.

"Hayo ni nini, Mama?"

"La kwanza liliharibika ukiwa kwako, hilo ni langu. Haya mawili ni maneno yako. Fumua. Uzi wote utoke, usikate kitambaa. Mi nitaweka kiraka chini ya tundu, nishone juu yake tena."

"Mimi ni fundi wa kompyuta."

"Kwani sijui? Ndiyo maana nimekupa wembe mupya."

Hesabu yake ilikuwa ya haki kuliko zangu zote za wiki hii: moja lake, mawili yangu. Nimekaa kwenye mkeka tangu adhuhuri hadi adhana ya alasiri na zaidi, nafumua dhahabu uzi kwa uzi, miwani puani, huku mashine ikishona mgongoni kwangu bila kusimama hata mara moja. Mara mbili Amida alipita, akaangalia, akasema, "Polepole, Papa, hapo unavuta." Alikuwa sahihi, nilikuwa navuta. Uzi wa broderi unashikana chini na mwenzake. Ukitaka utoke safi, unakata wa chini kwanza, halafu wa juu unateleza wenyewe. Nimejifunza hilo leo, na sijui nitalitumia wapi.

Kabla sijaondoka Mama Amida aliyashika yale majoho mawili, akayanyoosha kwenye mwanga, akapitisha kidole chake mahali pa kinubi.

"Hii moja nzuri," akasema. "Hii nyingine, hm. Tutampa muimbaji wa nyuma."

Joho lililokuwa kwenye mashine wakati huo lilikuwa la kumi na nne. Amida alikuwa anaongea na kwaya kwa simu, anawaambia waje Jumamosi saa sita, na watu wa vyuma hakuna aliyewataja.

Nimefika nyumbani jioni, nimelowa tena. Spesi alikuwa amepika maharagwe na ndizi, na mboga ya lengalenga kidogo kwa mafuta ya mawese. Nimekula kwa kijiko, vidole vimekatwakatwa na wembe. Ameniuliza hayo nimeyapata wapi. Nimemwambia kazini.